Gitare la Mwenda Jean-Bosco: urithi wa Katanga na fundisho kwa parokia yetu

(Hotuba iliyotolewa na katekista mmoja wa parokia mbele ya waamini na wageni, katika juma la jubilei)



Kamati ya jubilei iliniomba niseme neno juu ya muziki wa inchi yetu. Neno hilo ni pana kama Lualaba wakati wa mvua, na mtu anayetaka kulivuka lote kwa siku moja atachukuliwa na maji. Kwa hiyo nimeona vema nichague mtu mmoja tu, nifuate maisha yake na kazi yake, halafu tutazame pamoja yanayotuhusu sisi. Mtu huyo ni Mwenda Jean-Bosco, ambaye baadaye alijulikana kwa jina la Mwenda wa Bayeke, mtunzi wa nyimbo na mpiga gitare wa Katanga.

Pengine mmoja wenu anajiuliza: mpiga gitare wa barza na wa harusi ana kazi gani katika sikukuu ya parokia? Swali hilo ni la haki, nami sitalikimbia. Ninawaomba tu uvumilivu, kwa maana jibu lake linatoka katika habari yenyewe.

I. Alikotoka

Mwenda alizaliwa mwaka wa 1930, katika inchi ya Bunkeya. Wanaojua historia ya Katanga wanajua uzito wa jina hilo. Bunkeya ilikuwa makao makuu ya mfalme M'siri, mtu aliyetoka upande wa mashariki, katika inchi ambayo leo inaitwa Tanzania, akasimamisha utawala wa Bayeke katikati ya njia za biashara ya shaba na pembe za ndovu. M'siri aliuawa tarehe 20 Desemba 1891, wakati wazungu walipokuja kuitwaa Katanga. Jina la Mwenda ni la ukoo huo. Basi mtoto huyu alizaliwa mahali ambapo watu wa makabila mengi na lugha nyingi walikuwa wamezoea kukutana tangu zamani.

Lakini yeye hakukua katika Katanga ya M'siri. Alikua katika Katanga ya mashimo ya shaba. Kampuni ya Union Minière ilianzishwa mwaka wa 1906. Njia ya gari la moshi kutoka kusini ilifika Elisabethville mwaka wa 1910. Na kwa njia hiyo, na kwa njia nyingine zilizofuata, walikuja watu: wengine kutoka Kasai, wengine kutoka Rwanda na Burundi, wengine kutoka Rodezia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia. Katika makambi ya wafanyakazi, jirani hakufahamu lugha ya jirani yake. Kiswahili ndicho kilichowaunganisha kazini, sokoni na kanisani. Wazee wengi wa parokia yetu ni watoto wa watu hao, na katekisimu ya kwanza waliyoishika mkononi iliandikwa kwa Kiswahili hicho.

Pamoja na watu, na vyombo vyao vilikuja. Gitare lilifika Katanga kwa mikono ya wageni, likanunuliwa dukani kwa mshahara wa kazi, likatundikwa ukutani katika nyumba za makambi. Lakini halikukuta inchi tupu. Lilikuta likembe, kile kisanduku chenye meno ya chuma kinachopigwa kwa vidole gumba. Lilikuta marimba na ngoma. Lilikuta nyimbo za kazi, za kilio na za ndoa. Mikono iliyokuwa imefundishwa na vyombo vya wazee ndiyo iliyolishika gitare, nalo likajifunza kusema maneno ya hapa.

II. Mwaka wa 1952

Mwenda alikuwa kijana wa miaka ishirini na miwili, mkazi wa Jadotville, mji ambao tangu mwaka wa 1966 umerudishiwa jina lake la Likasi. Mwaka wa 1952 alipita huko Hugh Tracey, Mwingereza aliyeishi Afrika ya Kusini, ambaye kazi yake ilikuwa kuzunguka katika inchi za Afrika na mashine zake, akinasa nyimbo za wenyeji. Miaka miwili baadaye, mwaka wa 1954, mtu huyo alianzisha maktaba kubwa ya muziki wa Kiafrika huko Roodepoort. Maktaba hiyo ingalipo hata leo, katika chuo kikuu cha Rhodes, na ndani yake sauti za wazee wengi wa Kongo zimelindwa.

Tracey alimsikia Mwenda, akanasa nyimbo zake. Mmoja wa nyimbo hizo unaitwa Masanga, na wengine huuita Masanga Njia. Kwa Kiswahili chetu masanga ya njia ni mahali njia zinapokutana. Ndugu zetu wa Kinshasa, wakisikia neno masanga katika Lingala, huwaza kinywaji. Nasi tunachekeana juu ya jambo hilo kila mara. Lakini juu ya muziki wenyewe hakuna aliyebishana. Wimbo huo ulipewa tuzo na wenye elimu ya muziki wa Afrika, na sahani zake ziliuzwa mbali sana na Katanga.

Tukumbuke kwamba sahani za wakati ule zilikuwa nzito na rahisi kuvunjika, na upande mmoja wa sahani ulichukua karibu dakika tatu tu. Katika dakika tatu hizo mtunzi alipaswa kufungua mlango, kusema habari yake yote, na kufunga. Hiyo nayo ilikuwa shule. Aliyezoea kupiga usiku mzima mbele ya watu alilazimika kupanga, kuchagua, kuacha. Sisi tunaohubiri siku za Dominika tungeweza kujifunza kitu hapo.

III. Kazi ya vidole viwili

Sasa nataka kueleza ufundi wake, kwa maana watu wengi humsifu Mwenda bila kujua wanasifu nini.

Mpiga gitare wa Katanga ya wakati ule alitumia vidole viwili tu vya mkono wa kuume: kidole gumba na kidole cha kuonyeshea. Gumba hushuka juu ya nyuzi nene, likishika sauti ya chini. Kidole cha pili hupanda juu ya nyuzi nyembamba, kikitoa sauti ya juu. Gumba hutembea kama mtu mzima anayekwenda kazini, kwa hatua za sawasawa. Kidole cha pili huruka kama mtoto anayemfuata, mara mbele, mara nyuma, mara kati ya hatua mbili. Masikio husikia watu wawili, hata watatu, lakini anayepiga ni mmoja. Wataalamu wameona ukaribu kati ya ufundi huo na ule wa likembe, ambamo pia vidole viwili tu hufuma kitambaa kizima.

Kwa mkono wa kushoto, ili kupandisha sauti ipatane na koo lake, mpigaji wa makambini aliweza kufunga kipande cha kijiti au kalamu juu ya shingo ya gitare, kwa uzi au kwa mpira. Chombo kilichogharimu bure kilifanya kazi ya chombo cha dukani.

Na nyimbo zenyewe zilitoka wapi? Nyingine alizitunga, nyingine alizipokea kutoka kwa watu, maana katika mji wa wageni wengi kila mtu alikuja na wimbo wa kwao. Tena alisikiliza sahani za Kuba zilizopendwa sana wakati ule, na muziki wa sinema za wachunga ng'ombe wa Marekani. Vyote hivyo aliviingiza katika nyuzi sita. Yeye alichukua wimbo ambao kila mtu aliweza kuuimba, akautengenezea nyumba: msingi chini, kuta katikati, na paa juu. Kisha hakupiga nyumba hiyo hiyo kila siku. Ukilinganisha sahani zake mbili za wimbo mmoja, utaona kwamba amebadili mpango, ameongeza hapa, amepunguza pale, lakini wimbo haukupotea.

Hapo ndipo ninapomwita fundi. Mwenye kubadili kila kitu hana asili. Asiyeweza kubadili kitu chochote hana uhai.

Maneno ya nyimbo zake yalikuwa ya maisha ya mjini: mapendo na magomvi ya nyumbani, fedha inayokwisha mapema, safari, mashauri kwa vijana. Hakuimba nyimbo za altare, na sisemi kwamba alifanya hivyo. Lakini aliimba katika Kiswahili kile kile ambacho watu walisalia, na kwa sababu hiyo mtu wa Kasai na mtu wa Rwanda walimfahamu sawasawa na mtu wa Bunkeya.

IV. Njia alizopita

Wimbo wa njia panda ulimpeleka mwenyewe katika njia nyingi. Mwishoni mwa miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960 alikaa kwa muda Nairobi, katika Kenya, ambako alikuwa na kipindi chake katika redio. Ndugu yake Édouard Masengo naye alipata jina kubwa huko. Vijana wa Kenya waliwasikiliza, wakaiga vidole vyao, na kizazi kizima cha wapiga gitare wa huko kiliwahesabu watu wa Katanga kuwa walimu wao. Ni heshima kwetu: Kiswahili kilikuja kwetu kutoka mashariki katika mizigo ya misafara, sasa Katanga ilirudisha deni hilo kwa nyimbo.

Mwaka wa 1969 alialikwa Marekani, katika sikukuu kubwa ya muziki wa watu huko Newport. Katika miaka ya 1980 alipiga Ulaya, na mwaka wa 1988 alinasa nyimbo zake katika studio huko Cape Town. Sahani hiyo ilitolewa baada ya kifo chake, na inatuonyesha mtu wa karibu miaka sitini ambaye vidole vyake havijasahau njia.

Mwaka wa 1990 alikufa katika ajali ya barabarani, katika inchi ya Zambia. Sisi tuliozaliwa karibu na mwaka wa 1980 tulikuwa watoto. Wengi wetu tulimjua kwa njia ya baba zetu, waliosimama na kunyamaza redio ilipomwimbisha.

V. Habari ya jina

Siwezi kupita bila kusema neno juu ya jina lake, kwa sababu wazee wetu wengi waliteseka na jambo hilo hilo.

Yohane Bosko, padri wa vijana wa Torino, alikufa mwaka wa 1888. Kanisa lilimtangaza mwenye heri mwaka wa 1929, na mtakatifu mwaka wa 1934. Watoto wake wa kiroho, Wasalesiani, walikuwa wamefika Elisabethville tangu mwaka wa 1911. Hivyo Mwenda, aliyezaliwa mwaka wa 1930, alibeba jina la mtu ambaye alikuwa bado jipya katika midomo ya Wakristu. Na ni jina la padri aliyependa muziki katika nyumba zake za vijana.

Mwaka wa 1972 serikali ya Rais Mobutu iliamuru kwamba majina ya ubatizo yaachwe. Kardinali Malula alisema wazi mawazo yake juu ya mambo yale, akalazimika kukaa Roma kwa muda wa miezi. Watu wa kawaida hawakuwa na Roma ya kukimbilia. Katika ofisi, katika shule, katika kadi ya kazi, Yosefu na Maria walifutwa, na jina la ukoo likaandikwa peke yake. Mwimbaji wetu akawa Mwenda wa Bayeke.

Ninasema jambo hili bila uchungu, maana jina la wazee halikuwa aibu, nalo ni zuri. Lakini tazameni: watu wa Kenya waliendelea kumwita Bosco, wataalamu wa Ulaya waliandika Mwenda Jean-Bosco, na sahani zake za mwisho zinabeba jina la Bayeke. Majina yote mawili yameishi. Aliyefikiri kwamba mtu wa hapa lazima achague kati ya ubatizo wake na ukoo wake alijidanganya. Gitare lenyewe lingemfundisha: chombo cha kigeni, mikono ya wenyeji, na wimbo mmoja.

VI. Toka sikio mpaka karatasi

Sasa ninafika penye shabaha ya maneno yangu.

Mwenda hakuacha vitabu vya noti. Alijua kwa sikio na kwa kidole. Kama Tracey asingepita Jadotville, pengine leo tungekuwa na sifa tu, bila muziki. Lakini sahani zilikuwapo, na watu wengine waliweza kuzifanyia kazi. Mtaalamu David Rycroft alisikiliza sahani hizo, akaandika kila sauti katika mistari ya noti, akatoa uchunguzi wake katika gazeti la chama cha muziki wa Afrika katika miaka ya 1961 na 1962. Mwingereza mwingine, John Low, alikuja mwenyewe mpaka Shaba ili ajifunze kwa wazee wenyewe, akaandika habari ya safari yake.

Na kazi haikuishia hapo. Mwanzoni mwa karne hii, John Williams, mmoja wa wapiga gitare ya klasiki wakubwa kabisa ulimwenguni, alitoa sahani nzima ya muziki wa Afrika, na ndani yake aliupiga wimbo Masanga. Gitare ya klasiki ina nyuzi laini za nailoni, na mpigaji wake hutumia gumba na vidole vitatu, tena husoma noti: sauti za gumba zikiandikwa na mikia yake chini, sauti za vidole zikiandikwa na mikia yake juu. Kuhamisha wimbo wa vidole viwili na nyuzi za chuma mpaka chombo hicho si kazi ndogo. Ukitumia vidole vyote, utapata urahisi, lakini unaweza kupoteza ule mruko wa mtoto anayemfuata mzazi wake. Kwa hiyo mwenye kupanga wimbo namna hiyo lazima kwanza asikilize kwa unyenyekevu, kisha achague.

Sahani hiyo ya Williams ilipewa jina la utungo wa Francis Bebey, na ni haki. Bebey alizaliwa Douala, katika Kamerun, mwaka wa 1929, mwana wa mchungaji wa Kiprotestanti. Alifanya kazi ya redio, kisha akafanya kazi katika UNESCO huko Paris mpaka mwaka wa 1974. Aliandika vitabu vya hadithi, na mwaka wa 1969 alitoa kitabu juu ya muziki wa Afrika. Lakini kila mara alishika gitare ya klasiki, akiifanya iseme kama likembe na kama ngoma. Alikufa Paris mwaka wa 2001. Mwenda na Bebey walizaliwa karibu mwaka mmoja, wakapita njia mbili, wakafika mahali pamoja: nyimbo za watu zilipewa heshima ya kusikilizwa katika ukimya.

Mambo haya hayakuanza Afrika. Katika Hispania, Miguel Llobet wa Barcelona, aliyezaliwa mwaka wa 1878 na kufa mwaka wa 1938, alichukua nyimbo za watu wa Katalunya, nyimbo za mama na za wachungaji, akazipanga moja moja kwa gitare ya klasiki. Leo mwanafunzi wa gitare katika Japani au Brazili huzipiga, ingawa hajui neno moja la lugha hiyo. Nani angezijua kama Llobet angesema, hizi ni nyimbo za jikoni tu?

VII. Gitare mlangoni mwa kanisa

Katika seminari ndogo nilifundishwa solfeji na nyimbo za Gregoriani, na hata leo ninashukuru. Harmoniumu ilikaa katika kanisa dogo. Gitare, kama mwanafunzi alikuwa nalo, lilikaa bwenini chini ya kitanda. Wengi wenu mmekulia katika nyumba ambamo baba alisema kwamba anayeshika gitare ataishia katika pombe. Woga huo ulikuwa na sababu: tumeona vijana walioanza kwa nyuzi na kumalizia kwa chupa. Lakini chupa ndiyo iliyowaua, si nyuzi.

Kanisa lenyewe lilisema mapema kuliko sisi. Katika hati juu ya Liturgia ya mwaka wa 1963, mababa wa Mtaguso waliheshimu mapokeo ya muziki ya mataifa ya misioni. Tena, huku wakiupa organo nafasi ya heshima, waliruhusu vyombo vingine vinavyofaa ibada, kwa idhini ya wenye mamlaka. Na Katanga ilikuwa imetangulia. Tarehe 23 Machi 1958, huko Kamina, Misa Luba iliimbwa kwa mara ya kwanza chini ya uongozi wa Padri Guido Haazen, Mfransisko. Kyrie yake imejengwa juu ya kasala, wimbo wa kilio wa Baluba. Wimbo ambao mama wa Kasai alimlilia nao marehemu wake ukawa wimbo wa kumwomba Mungu huruma. Na Elisabethville alikuwako Joseph Kiwele, mwana wa Katanga, mwalimu na mtunzi, aliyefundisha korali na kutunga kwa noti kabla ya kufa mwaka wa 1961. Mwaka wa 1988 Roma ikakubali namna ya kuadhimisha Misa ya majimbo yetu, ile tunayoiita liturgia ya Zaïre.

Kwa hiyo mlango uko wazi tangu zamani. Kinachotakiwa ni kuingia kwa heshima. Sisemi kwamba Masanga upigwe wakati wa komunyo. Hata Mwenda mwenyewe angeshangaa. Kila wimbo una mahali pake, na wimbo wa barza ubaki barzani. Ninasema tu kwamba ufundi ule wa kupokea wimbo mdogo wa watu na kuujengea nyumba unaweza kulitumikia Kanisa, kama ulivyoutumikia mji.

VIII. Hatari iliyo karibu

Ndugu wapendwa, hapa sichezi na maneno. Parokia yetu ina nyimbo zake. Makatekista wa kwanza walizitunga njiani, wakienda kwa miguu kutoka kijiji mpaka kijiji; kina mama walizitunga wakati wa kubeba matofali ya kanisa hili. Hazimo katika kitabu chochote. Wakati wa kutayarisha jubilei, tulikwenda nyumba kwa nyumba tukiwaomba wazee waziimbe. Tumepata nyimbo kumi na moja. Wazee wawili waliotuahidi kuimba walitangulia kwa Bwana kabla hatujarudi kwao, na mama mmoja alikumbuka mwanzo wa wimbo bila mwisho wake. Alijaribu mara tatu, akalia. Hakulilia sauti yake; alimlilia mumewe aliyeutunga.

Hakuna Tracey atakayekuja. Na kama angekuja, kwa nini tungoje mgeni apite ndipo tujue thamani ya mali yetu? Bwana alisema habari ya mtumishi aliyefukia talanta ardhini. Sisi talanta yetu tumeiacha katika vifua vya wazee, na vifua hivyo vinashuka kaburini.

Kwa hiyo naiomba parokia mambo matatu.

La kwanza: kila shirika lichague vijana wawili, waende kwa wazee wao na simu zao, wanase nyimbo, wakiandika jina la mwimbaji, mahali na mwaka. Simu inayonasa vichekesho inaweza pia kumnasa bibi.

La pili: wenye kujua solfeji tukae kila Jumamosi, tuziandike nyimbo hizo katika daftari tatu: moja kwa parokia, moja kwa jimbo, moja kwa shule. Panya wakila moja, nyingine zitabaki.

La tatu: vijana wa gitare wapewe chumba na mwalimu. Wajifunze kusoma noti, na pia wajifunze vidole viwili vya wazee. Wazipange nyimbo hizo kumi na moja kwa gitare, bila kuziharibu, ili ziweze kupigwa hata pale ambapo hakuna anayejua maneno yake. Wazazi wasiwanyang'anye gitare, wawanyang'anye chupa.

Baba Paroko ameniambia kwamba chumba cha zamani cha ghala kinaweza kutengenezwa, kama mashirika yataleta mbao na mabati. Ninawaachia neno hilo mbele ya wageni wetu, ili wawe mashahidi.

Wahenga walisema: mwacha asili ni mtumwa. Mwenda hakuiacha asili yake, wala hakuogopa chombo kipya. Mungu aliyempa vidole vyake amlaze kwa amani. Na Mungu huyo atupe sisi masikio ya kusikia wazee wetu wangali hai.

 Bwana aibariki jubilei yetu.